Mtu kaacha vidole kwenye presi, ripoti inasema ni uzembe wake. Hivi ajali za viwandani chanzo ni nini hasa?

#1 Mtoto wa Vingunguti
Wakuu, habari za wikiendi.

Kiwandani kwetu (jina silitaji, nina familia) tunatengeneza sufuria na mabeseni. Wiki hii shifti ya usiku kijana mmoja kaacha vidole viwili kwenye presi. Mashine ile imeundwa kwa vitufe viwili: unabonyeza kwa mikono yote miwili ndipo inashuka, maana yake mikono iwe nje. Kitufe cha kushoto kilifungwa kwa mpira wa tairi la baiskeli, kikae kimebonyea muda wote. Mkono mmoja unabonyeza, mwingine unapanga bati. Kazi inakwenda mbio.

Ripoti imebandikwa ubaoni: chanzo cha ajali ni uzembe wa mfanyakazi, hakufuata taratibu. Basi. Mpira ule sisi wote wageni tumeukuta pale pale, na supavaiza anapita kila saa na karatasi yake ya kuhesabu mabeseni.

Nyie mlioko viwandani, ajali zenu zinaletwa na nini? Na nani amewahi kuona ripoti inayosema kosa ni la kiwanda?

#2 Kunguru Mweupe
Pole kwa kijana. Naweka kiti hapa.

#3 Kofia Ngumu
Mimi ni afisa usalama kazini, tusiende kwa jazba. Darasani tunafundishwa hivi: asilimia 88 ya ajali ni matendo hatarishi ya watu, 10 ni mazingira, 2 hazizuiliki. Mfanyakazi anafundishwa, anasaini, akigeuka anafunga mpira. Mwajiri afanyeje, amkalie begani? Halafu kuna simu. Mtu anachati huku mkanda wa mashine unakwenda.

#4 Kadi ya Getini
#3 tageti ya presi anaipanga nani, yule anayechati? Kwetu ukibonyeza vitufe viwili kama inavyotakiwa, tageti hufiki. Usipofika, kesho asubuhi pale getini jina lako halisomwi, kwa sababu wewe ni kibarua wa wakala, si mtu wa kiwanda. Mpira unafungwa na njaa, mkuu.

#5 Bi Korona wa Korogwe
Nimekulia shamba la mkonge, kwa wasiojua, "korona" kwetu ni mashine ya kusindika majani ya mkonge miaka mingi kabla ya ule ugonjwa. Baba alikaa korona, mama alikaa mashine ya brashi.

Brashi ndiyo ilikuwa inachukua mikono. Unashika fungu la singa, yaani nyuzi za mkonge, unalilisha upande mmoja, unalivuta, unageuza upande wa pili. Singa ndefu, ikikuzunguka kifundo cha mkono imekufunga na mashine haingoji. Wenye akili walikuwa hawajifungi nyuzi mkononi hata ziteleze vipi. Hicho hakuandikiwa mtu popote, mama alifundishwa na mama mwenzake.

Kwenye korona yenyewe tatizo lilikuwa sakafu. Maji ya mkonge yanawasha ngozi mpaka inachubuka, na yanateleza kama bamia. Mtu akianguka karibu na mkanda wazi, hapo tena ni Mungu. Sasa #3, utelezi wa sakafu uko kwenye 88 au kwenye 10?

#6 Kunguru Mweupe
Hahaha Bi Korona kauliza swali la mtihani.

#7 Tanuru Moja
Nipo kiwanda cha nondo, tunayeyusha chuma chakavu. Kwetu mpira wa baiskeli ni utani. Adui yetu ni maji na vitu vilivyozibwa.

Chuma kikiwa kimeyeyuka ni kama nyuzi 1,600. Ukitupia chakavu chenye maji ndani, au shokapu ya gari ambayo haijatobolewa, au mtungi wa gesi uliozibwa, maji yanageuka mvuke papo hapo na kutanuka zaidi ya mara elfu moja na mia sita. Chuma cha moto kinaruka juu hadi kwenye mapaa. Aliye jukwaani hana pa kukimbilia.

Kinga yake inajulikana: chakavu kikae chini ya paa, kisipigwe na mvua. Kipangwe na watu wanaojua, kila shokapu itobolewe, kila mtungi ukatwe kabla ya kufika tanuruni. Lakini mwenye chakavu analipwa kwa kilo, na kilo za maji na matope nazo ni kilo. Msimu wa masika mali inakuja imelowa, yadi haina paa, na tanuru likizimwa ni hasara ya umeme. Yule anayetupia ndiye ataandikwa kwenye ripoti.

#8 Msomaji wa Zamani
Kofia Ngumu, hiyo 88 yako ina historia yake. Inatoka kwa Mmarekani anaitwa Heinrich, 1931, mtu wa kampuni ya bima. Hakwenda viwandani kukaa na mashine. Alichukua madai ya bima na ripoti za ajali zilizoandikwa na wasimamizi wa viwanda, akahesabu sababu walizoandika. Fikiria mwenyewe: msimamizi akiulizwa kwa nini mtu wako kaumia, ataandika "nilimbana na tageti"? Waliokuja kumchambua baadaye walitafuta zile kumbukumbu za awali wazihakiki, hazikupatikana.

Kwa hiyo ile ripoti ya ubaoni kwa mleta uzi na ile 88 ni mama mmoja baba mmoja.

#9 Kofia Ngumu
#8 hata tukimtoa Heinrich, mpira haujifungi wenyewe. Niambie nani aliufunga.

#10 Mtoto wa Vingunguti
#9 aliyeufunga alishaacha kazi. Kijana aliyeumia ana miezi miwili tu pale.

#11 Upepo wa Pwani
Mnazunguka mbuyu wakuu. Mashine zinakula watu na zina msimu wake. Kuna kiwanda nilifanya kazi, mashine ile ile, karibu kila mwaka ukikaribia mwisho mtu anaondoka na kiungo. Matajiri wana mambo yao. Kafara ipo.

#12 Kadi ya Getini
Nilikuwa nauliza uzi huu umefika #10 bila mganga, nikaingiwa na wasiwasi.

#13 Mzee wa Boila
Upepo wa Pwani, kijana wangu, mwisho wa mwaka ni oda za sikukuu. Mashine haizimwi kufanyiwa matengenezo, watu wanaunganisha shifti, ovataimu inapiga kengele mfululizo, na getini wanaingizwa wageni ambao hawajui hata swichi nyekundu ya dharura iko wapi. Hayo yanatosha kula mkono bila mtu kuhonga jini.

Mimi nimestaafu, maisha yangu yameishia kwenye boila. Niwape mawili.

Kwanza valvu ya usalama. Ile imewekwa ifunguke presha ikizidi. Ikianza kuvuja kidogo kidogo, mtu anaona inapoteza mvuke, anaining'inizia chuma au anaikaza. Sasa umelala na bomu. La pili ni maji. Kioo cha maji kikionyesha chini kabisa na mabomba yamekauka na kuwa mekundu, kosa kubwa ni kukimbilia kufungulia maji baridi. Zima moto, ondoa watu, acha ipoe. Nimeona watu wazima na vyeti vyao wakikimbilia bomba la maji.

Mei 2024 pale Mtibwa mvuke wa moto uliua watu 11 usiku mmoja kiwandani. Wengine walikuwa wataalamu. Mvuke haukuulizi umesaini fomu gani.

#14 Upepo wa Pwani
Mzee shikamoo, lakini kafara bado ipo.

#15 Mzee wa Boila
Marahaba. Haya.

#16 Mwenye Karakana
Niruhusuni na mimi mwajiri, maana uzi mzima tunapigwa mawe. Nina karakana ya mageti na matenki, vijana wachache. Nilinunua miwani ya kuchomelea, glovu, buti zenye chuma mbele. Mwezi haukuisha, buti nimeziona zinacheza ndondo Jumapili. Miwani wanaivaa kwenye paji la uso kama wanakwenda ufukweni. Nikiuliza, "bosi, joto". Mniambie nifanyeje.

#17 Bi Korona wa Korogwe
#16 joto la Dar mwezi wa pili ndani ya banda la bati unalijua. Miwani ya bei ya chini inaingia ukungu mtu haoni anachokata, ataitoa tu. Uliwahi kuivaa wewe kuanzia asubuhi hadi jioni?

#18 Msomaji wa Zamani
Mwenye Karakana, vifaa kinga ni wajibu wako kuvitoa na sheria inasema hivyo, lakini vinatakiwa kuwa ngao ya mwisho. Utaratibu unaanza juu: hatari unaweza kuiondoa kabisa? Unaweza kubadili njia ya kazi? Unaweza kuweka kava, kizuizi, feni ya kuvuta moshi, swichi inayozima mashine kava likifunguliwa? Halafu ndiyo unakuja kwenye mafunzo na zamu. Miwani na glovu ziko chini kabisa, kwa sababu zinategemea mtu akumbuke kila dakika. Sisi tunaanzia chini maana buti ni bei rahisi kuliko kava la mashine, na zinapendeza kwenye picha siku wakaguzi wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, wakija.

#19 Mwenye Karakana
Kava la mashine kwetu mtu anaanza kwa kulitoa. "Linaziba bosi, sioni."

#20 Fundi Mchonga Vyuma
Hapo kwenye glovu niingilie, kuna watu watakatika mikono kwa ushauri wa "vaa glovu". Kwenye mashine ya kuchonga vyuma na drili ya mezani glovu HAZIVALIWI. Kitu chochote kinachozunguka kikidaka uzi wa glovu kinavuta kiganja chote. Vilevile mikono mirefu ya shati isiyofungwa, lanyadi ya kitambulisho shingoni, pete. Glovu vaa ukibeba bati, ukishika chenga za chuma mashine ikiwa imezimwa.

#21 Dada wa Pakiti
#20 ongeza mtandio na nywele. Idara yetu ni wanawake watupu, mikanda inapita kiunoni. Mwenzetu mtandio ulidakwa na rola, aliokolewa na dada wa mbele aliyegonga swichi nyekundu. Baada ya hapo likatoka tangazo: mitandio marufuku. Wengine wakaacha kazi. Ilikuwa vigumu nini kufunika rola na kutupa kofia za kitambaa zinazobana?

Na ovaroli zote zinakuja za saizi ya mwanaume. Tunakunja mikono na miguu, tunatembea na mikunjo yenye kudaka kila kitu. Kwenye ripoti tutaandikwa "hakuvaa ipasavyo".

#22 Kofia Ngumu
Dada #21 hapo sina ubishi, rola zile lazima zifunikwe.

#23 Mkamba wa Athi River
Wadau, salamu kutoka Kenya. Huku EPZ (eneo la viwanda vya kuuza nje) na Industrial Area ya Nairobi ni hadithi hiyo hiyo, tofauti ni karatasi. Sheria yetu ya usalama kazini ni ya 2007: kampuni yenye wafanyakazi 20 kwenda juu lazima iwe na kamati ya usalama. Kamati ziko, picha ziko, mikutano haiko.

Fidia iko chini ya WIBA, sheria ya fidia kwa walioumia kazini, nayo ya 2007. Ukipata ulemavu kamili wa kudumu ni mapato ya miezi 96. Kwa hivyo mtu akiumia, anatafuta wakili anaenda kortini.

#24 Mwanasheria wa Kibarazani
#23 kaka, kortini moja kwa moja ilikwisha. Mahakama ya Juu ya Kenya Desemba 2019 ilisema madai yanaanzia kwa Mkurugenzi wa usalama kazini, korti ni ya rufaa. Watu wengi walikwama na kesi zao hapo.

Kwa Tanzania Bara, mleta uzi mwambie kijana wako afuatilie WCF, yaani Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Sheria ni ya 2008, mfuko ulianza kazi Julai 2015. Unalipa matibabu, unalipa asilimia 70 ya mshahara wakati mtu hawezi kufanya kazi, mwisho miezi 24, na ulemavu wa kudumu una malipo yake. Taarifa isichelewe, ukomo ni miezi 12. Na kubwa kuliko yote: hata kama ripoti imeandika uzembe, asitishike. Fidia hii haidai uthibitishe kosa la mwajiri. Mwajiri anachangia asilimia moja ya mishahara kwa ajili hiyo.

#25 Dada Hesabu
#24 asilimia moja ni zamani, tena ilikuwa kwa sekta binafsi, serikali ilikuwa nusu. Ilishuka hadi 0.6 mwaka 2021, na 2022 wote wakawa 0.5. Na hairuhusiwi kuikata kwenye mshahara wa mtu. Wapo wanaokata.

Halafu angalieni mshahara ulioandikwa kule. Mtu analipwa hiki mkononi, kwenye mfuko kapelekewa nusu yake. Akiumia, ile 70 inapigwa kwenye nusu.

#26 Kadi ya Getini
Na kibarua wa wakala ambaye jina lake liko kwenye daftari la getini tu?

#27 Mwanasheria wa Kibarazani
#26 kibarua ni mfanyakazi, aende hata bila mkataba wa karatasi. Atafute ushahidi: meseji za malipo, kadi ya geti, wenzake, karatasi ya hospitali ya siku ile. Mvutano utakuwa wakala na kiwanda nani ni mwajiri, kila mmoja atamnyooshea mwenzake kidole.

#28 Upepo wa Pwani
Kidole kilichobaki.

#29 Dada wa Pakiti
#28 huna adabu 😂

#30 Mlinzi wa Usiku
Nyie mnasahau usingizi. Mleta uzi kasema shifti ya usiku. Sheria ya ajira ya 2004 inasema saa 45 kwa wiki, 9 kwa siku, na hata ukiweka ovataimu isizidi 12 kwa siku, wala ovataimu isizidi saa 50 kwa wiki nne. Nani hapa anaijua hiyo 50? Saa tisa usiku macho yanaona na kichwa hakipo. Ukiwa umetoka Chanika au Mbagala kwa daladala, mchana umeuguza mtoto, hapo hata vitufe viwe vitatu.

#31 Tanuru Moja
#30 usingizi ni kweli, lakini ajali zetu mbaya nyingi ni asubuhi, siku ya matengenezo. Mtu yuko ndani ya mashine anabadili beringi, mwenzake upande wa pili anaona swichi imezimwa, anaiwasha. Dawa yake ni kufuli. Fundi anafunga swichi kwa kufuli lake mwenyewe, ufunguo mfukoni mwake, na kibao chenye jina. Wakiwa mafundi watano, kufuli tano. Sisi tulikuwa na kibao tu bila kufuli, kilikuwa kinaangushwa na feni.

#32 Mzee wa Boila
Hapo umenena. Na matangi. Tangi la molasi au la maji machafu, mtu akiingia akaanguka, msimfuate. Hewa ya mle haina oksijeni au ina sumu, na wa pili anaangukia juu ya wa kwanza, wa tatu vilevile. Pima hewa, puliza feni, kamba kiunoni, na mtu wa nje asiyeondoka. Kuna familia zimezika ndugu wawili siku moja kwa tangi moja.

#33 Msomaji wa Zamani
Narudi #10. Miezi miwili ni jambo kubwa. Utafiti wa Kanada uliona mtu wa mwezi wa kwanza kazini ana hatari ya kuumia zaidi ya mara tatu ya yule aliyepita mwaka. Ukiwa na kiwanda kinachobadili vibarua kila wiki, wewe una mwezi wa kwanza usioisha.

#34 Kofia Ngumu
Sawa, lakini kwa hoja hiyo huyo mgeni ndiye ambaye hakufuata maelekezo.

#35 Kadi ya Getini
Tumerudi tulikoanzia, weka chai.

#36 Nyuzi za Pamba
Mnaongelea vidole kwa sababu vinaonekana. Mie Shinyanga, kiwanda cha kuchambua pamba. Vumbi. Jumapili unapumzika kifua kinatulia, Jumatatu ukirudi kinabana kuliko siku zote, mpaka katikati ya wiki unazoea. Tulikuwa tunadhani ni uvivu wa Jumatatu. Kumbe ni ugonjwa wa vumbi la pamba, madaktari wanaujua miaka mingi. Huo ripoti yake inabandikwa ubao gani?

#37 Mwanasheria wa Kibarazani
#36 magonjwa ya kazi nayo yamo WCF. Kazi ni kumpata daktari atakayeandika kwamba chanzo ni kazi. Ndiyo maana vipimo vya afya vya kuanzia kazi ni muhimu: vinaonyesha uliingia na kifua kizima.

#38 Mwenye Karakana
Nimesoma yote, ahsanteni. Swali la pembeni: vijana wangu diski za grinda zinapasuka sana. Juzi kipande kimepita sikioni kwa mtu. Ni diski feki za Kariakoo?

#39 Fundi Mchonga Vyuma
#38 grinda gani, diski ya inchi ngapi?

#40 Mwenye Karakana
Grinda ndogo, ile ya inchi nne na nusu. Wanaweka ya inchi saba inakata vizuri zaidi.

#41 Fundi Mchonga Vyuma
Lahaula. Soma maandishi. Diski ya inchi saba kwa kawaida imeandikwa mwisho mizunguko 8,500 kwa dakika. Grinda ndogo inazunguka kama 11,000. Na ili iingie lazima walitoa kava. Hiyo si feki, hiyo wameilazimisha.

#42 Mwenye Karakana
Kava walilitoa siku ya kwanza.

#43 Dada Hesabu
😂😂 Bosi kumbe wewe ndiye #19.

#44 Fundi Mchonga Vyuma
Angalieni na tarehe. Diski za kukatia zina mwisho wa matumizi, imegongwa kwenye ile pete ya chuma katikati. Gundi yake inachoka, hasa ikikaa kwenye unyevu.

#45 Saidia Fundi wa Tabata
Nimeenda kuangalia ninayotumia. Imeandikwa V 04/2022. Niitupe?

#46 Fundi Mchonga Vyuma
Ivunje kabisa, asije akaiokota mwingine.

#47 Saidia Fundi wa Tabata
Ni ya bosi. Nikiivunja ananikata.